Dirisha la Jikoni

Nives Viotti alizaliwa tarehe tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria wa Theluji, katika kibanda cha malisho ya juu. Mama yake alikuwa amepanda na ng'ombe huku tumbo limefikia miezi tisa, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kupanda. Watu wa Balmetta walisema mtoto aliyezaliwa juu kiasi kile hawezi kuishi chini. Akishuka atakosa pumzi. Walikosea. Alipotimiza miaka kumi na saba alishuka ziwani na sanduku la mbao alilochongewa na baba yake, akaanza kutandika vitanda katika hoteli moja ya Stresa, na pumzi ikamtosha.

Huko chini alijulikana kwanza kwa lugha yake. Watu wa Balmetta ni Waitalia kwa serikali na kwa kodi, lakini jikoni wanasema Kijerumani cha kale, kile kilichokuja na wafugaji waliovuka barafu miaka mia saba nyuma. Wageni wa Kijerumani walipomsikia Nives akiuliza kama wanataka mto wa ziada walicheka mpaka wakafuta machozi. Walisema ni kama bibi ya bibi yao ameamka kaburini akaja kutandika kitanda. Mwenye hoteli hakucheka. Alimsikiliza msichana akijifunza Kijerumani cha sasa kwa majira mawili na Kiingereza kwa majira matatu, kisha akamtoa kwenye mashuka, akampa mwavuli mwekundu wa kuinua juu ya vichwa vya watu, akamweka mbele ya kundi.

Mbele ya makundi ndiko alikozeekea. Jumapili wageni wanafika, Jumatatu visiwani, Jumanne ziwa la Orta, Jumatano bustani na maua, Alhamisi mlimani, Ijumaa mapumziko, Jumamosi kwaheri, na Jumapili wengine. Hakuolewa. Dereva wake, Ermes, bwana mnene wa Arona aliyeendesha basi lile miaka ishirini, alikuwa akiwatangazia watu kwamba bi mkubwa ameolewa na basi na mpaka leo hajaona mahari. Nives alimjibu kwamba basi ni mume mwema, linaoshwa kila Jumamosi na halisemi mpaka liharibike.

Kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Viongozi wengine wa watalii humwaga maneno kama mtu anayemwaga mahindi mbele ya kuku. Nives alisema machache, na walipofika kwenye kona ile ambapo Mlima Rosa hujitokeza mzima mzima, mweupe, karibu mno, alimwambia Ermes azime injini, naye akakaa kimya. Watu arobaini nao wakanyamaza. Wapo walioandika barua miaka baadaye wakasema wamesahau visiwa na bustani, ila ukimya ule bado wanao.

Laiti angekuwa ameishia hapo, kwenye kona.

Nyumba ya kwao ilikuwa mwisho wa kijiji, ya magogo ya msonobari juu ya msingi wa mawe, paa la mawe pia. Chini palikuwa na jiko, na ubavuni mwa jiko zizi, vikitengwa na mbao tu ili joto la ng'ombe lipite. Juu palikuwa na chumba ambamo watu wa ukoo ule walikuwa wakifia kwa muda wa miaka mia tatu. Katika ukuta wa chumba hicho, karibu na kichwa cha kitanda, palikuwa na tundu la ukubwa wa mkate, halina kioo, limezibwa kwa ubao unaoteleza katika mfuo wake. Hilo liliitwa dirisha la roho. Lilikaa limefungwa majira yote, joto liwe, baridi iwe. Mtu akifikia pumzi ya mwisho, mtoto wake wa kwanza huvuta ubao, roho ikapata njia. Kisha ubao unarudishwa haraka, roho isije ikasikia vilio ikaona huruma ikageuka.

Nives aliliona likifunguliwa mara moja tu akiwa mtoto. Alikuwa na miaka tisa, na aliyekuwa akiondoka ni bibi yake mzaa baba. Baba yake, Gaudenzio, seremala, aliuvuta ubao ule kwa mkono wake mpana, akahesabu kimoyomoyo, akaurudisha. Halafu Gaudenzio akashuka chini, akaendelea kupiga randa mguu wa kiti.

Ilikuwaje basi dirisha lile likaingia katika ratiba ya watalii? Liliingia kwa mlango wa huruma. Kiangazi kimoja kundi lilikuwa na mama mmoja wa Utrecht, Bi Hendrika, aliyefiwa na mumewe hospitalini wiki tano kabla ya safari. Tiketi zilikuwa zimekwisha kulipiwa, za watu wawili, naye akaja peke yake. Alhamisi ile mvua ilinyesha, mlima ukajifunika, na Nives kwa kukosa cha kuwaonyesha akawakaribisha nyumbani kwao wakaote moto. Akawaeleza habari za dirisha. Bi Hendrika akapanda ngazi, akalitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama bado linafunguka. Alisema kule hospitalini madirisha yalikuwa ya kioo kizima, hayakuwa na kitasa.

Nives akalifungua. Mkono wake ulienda wenyewe kabla hajafikiri. Ubao ulikwaruza, hewa ya mvua ikaingia, na yule mama akalia kilio ambacho, alivyosema mwenyewe, kilikuwa kimegoma kutoka tangu mazishini.

Wiki iliyofuata Nives aliwasimulia wageni wengine habari ya mama yule, wakaomba nao waone. Mwaka uliofuata ofisi ya safari ikaandika kwenye karatasi: Alhamisi, Mlima Rosa, chakula cha mchana, dirisha la roho. Likawa jambo la kila wiki, kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa miaka kumi na mmoja. Wageni walipanda kumi kumi, Nives akasema maneno yake machache, akavuta ubao, wakasema aaa, wakapiga picha. Walipokuwa wakishuka, mdogo wake wa kiume, Defendente, aliwauzia jibini mlangoni.

Mzee Gaudenzio hakusema kitu. Kiangazi cha kwanza, kila Alhamisi alitoka akaenda kupasua mbao kwa jirani. Mkewe alikuwa amekwisha kufa zamani, chini hospitalini, wakati Nives yuko na kundi visiwani. Mwaka wa tatu alihamisha kitanda chake kutoka chumba cha juu, akakiweka jikoni upande wa zizi. Alisema ngazi zinamsumbua magoti. Nives alimnunulia mafuta ya kuchua, akaona amemaliza wajibu.

Mwaka huu ninaousimulia, kundi la mwisho la msimu lilipanda mlimani Alhamisi ya kwanza ya Oktoba. Walikuwa watu arobaini na mmoja. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuteremka kutoka malishoni, na theluji ya usiku ilikuwa imeshuka mpaka kwenye misonobari ya juu, ikaishia pale kama shuka lililotandikwa nusu. Nives aliwapitisha kanisani, akawaongoza kwenye njia ya nyumbani, mwavuli juu. Akamwona Defendente amesimama mlangoni. Hakuwa na meza ya jibini. Mikono yake ilining'inia kando kama vitu vya kuazima.

"Leo hapana, dada," akasema.

Nives akauliza kuna nini.

"Baba. Tangu Jumanne. Daktari amekuja, padri amekuja. Moyo umechakaa."

"Tangu Jumanne! Na simu ya mkahawa wa kijiji imekatika?"

"Haijakatika. Alinikataza nisikupigie. Alisema Alhamisi si utakuja tu, unakujaga."

Nives aligeuka akawaomba wageni warudi mkahawani wakanywe kitu cha moto, yeye atawafuata. Mzee mmoja wa heshima zake, mwenye kamera kifuani, akamsogelea akamuuliza kama isingewezekana wachache tu wapande juu kimyakimya, bila kumsumbua mgonjwa, maana wamekuja kutoka mbali. Nives akamwambia haiwezekani. Alimwambia kwa sauti ileile aliyozoea kuelekezea watu vyoo, na akajisikia aibu kwamba sauti hiyo ilimtoka kwa urahisi namna ile.

Jikoni palikuwa na joto na harufu ya maziwa. Gaudenzio alilala kitandani macho yamefumbwa, ndevu zimekatwa vizuri, pua imekuwa kubwa kuliko uso. Pumzi yake ilikuwa ikipanda na kutua, ikipanda na kutua, kama mtu anayebeba mzigo kwenye mteremko. Nives akapiga magoti, akamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi. Aliinua uso ili amwite, na hapo akaliona.

Katika ukuta wa magogo, juu kidogo ya mto wa baba yake, palikuwa na tundu jipya la ukubwa wa mkate. Mbao zilizolizunguka zilikuwa bado nyekundu, hazijala moshi. Ubao ulikaa katika mfuo wake umefungwa, na kando yake pana alama za patasi iliyoteleza, moja, mbili, nyingi. Mikwaruzo ambayo Gaudenzio wa zamani asingeiacha hata kwenye mlango wa banda la kuku.

"Alilitoboa wakati wa Kwaresima," Defendente akasema nyuma yake. "Wiki tano. Alhamisi alilifunika kwa koti usilione, na ubao ameupiga randa mpaka Jumatatu. Nilimwambia Baba, nipe hiyo patasi, nitafanya mimi siku moja. Akaniambia nikakamue ng'ombe."

"Kwa nini? La juu lina nini?"

Defendente alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Alichukua kuni, akaitia jikoni, akaichokoa, ikawaka. Kisha akasema bila kugeuka:

"Alisema la juu limezoea kufunguliwa bure."

Nives aliutazama ule ubao mpya, akaona jinsi ulivyopigwa randa mara mbilimbili ili uteleze bila kelele.

"Kuna jingine, dada. Usinikasirikie mimi."

"Sema."

"Alisema nifungue mimi. Si wewe."

Tangu enzi za wale waliovuka barafu, ubao ule ulivutwa na mtoto wa kwanza. Binti au mvulana, mwenye akili au punguani, aliyekuwa karibu au aliyetoka ng'ambo na treni. Balmetta walikuwa na habari ya mtu aliyesubiriwa siku nne na mama yake aliyekuwa hana tena damu mwilini, mpaka akafika akafungua. Hakukuwa na habari ya mtoto wa kwanza aliyekuwepo chumbani, mzima, akaambiwa kaa kando.

Ermes alikuja mpaka kizingitini, kofia mkononi. Alisema kwa unyenyekevu kwamba redio imetangaza theluji, na kama hawateremki kabla ya saa kumi, barabara itawashika na watu arobaini na mmoja wakalale kanisani. Na kesho kutwa wana ndege.

Kwa miaka thelathini Nives hakuwa amewaacha wageni hata mara moja. Alipofiwa na mama yake alimaliza kwanza visiwa, kwa kuwa mashua zilikuwa zimekwisha kukodiwa, akafika hospitalini saa mbili baadaye kuliko ilivyopasa. Akachukua mwavuli mwekundu, akamkabidhi Ermes.

"Mimi?" Ermes akasema. "Nitawaambia nini?"

"Kulia mlima, kushoto ziwa."

"Kwa lugha gani, bi mkubwa? Mimi najua ya basi tu."

"Kwa kidole."

Ermes akautazama mwavuli, akamtazama mzee kitandani, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka. Baadaye alisimulia kwamba kwenye kona ile ya mlima alizima injini kama kawaida, kwa mazoea tu, na wageni wakanyamaza kama kawaida.

Theluji ilianguka kweli, ikaanguka siku nzima ya Ijumaa. Wanawake wa kijiji walikuja kwa zamu na rozari zao, wakasali, wakanywa kahawa, wakaenda. Waliliona dirisha jipya. Kila mmoja alilitazama, kisha akamtazama Nives, kisha akatazama shanga zake. Hawakumwuliza kitu, naye alijua kwamba hawana haja ya kuuliza. Alikuwa amewaona miaka yote ile, wakiwa mlangoni mwao na mafagio, wakati yeye anapita na kundi.

Ijumaa mchana Gaudenzio alifumbua macho yake ya kijivu, akili ikiwa imetulia kama maji ya pipa. Akaomba ugali. Nives akampikia wa mahindi ya manjano, mwepesi, akamwagia maziwa, akamlisha vijiko vitatu. Cha nne alikikataa. Wakakaa. Defendente alikuwa nje akiondoa theluji mlangoni kwa koleo.

Nives alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Alikuwa ameyapanga kwa lugha ya jikoni, akakuta mengi hayamo tena kinywani mwake, yameliwa na Kiingereza na Kijerumani cha hotelini. Akasema yaliyobaki.

"Baba, umenikasirikia."

"Hasira ni ya vijana."

"Basi kwa nini usiniambie? Miaka kumi na mmoja, Baba. Neno moja tu ningeacha."

Gaudenzio alivuta pumzi, akaibeba mpaka juu, akaitua.

"Ulikuwa unakula kwa kazi ile," akasema. "Na mimi nilikuwa nakula. Jibini ya mdogo wako ilinunuliwa na nani? Paa lilitengenezwa kwa fedha gani? Mtu hawezi kutema kilichomo tumboni."

"Nilianza kwa ajili ya yule mama wa Utrecht. Alikuwa anaumia."

"Najua. Siku ile sikusema kitu, maana siku ile palikuwa na mtu wa kutoka. Mume wa mwenzio alikuwa amekwama kule hospitalini, ukamfungulia. Ulifanya vizuri." Akainua macho darini. "Baadaye, kila Alhamisi, nilikuwa nasikia ubao juu ya kichwa changu. Kwaru. Kwaru. Najiuliza, leo ametoka nani?"

"Hakutoka mtu, Baba."

"Ndiyo."

Nje koleo la Defendente lilikuna mawe. Nives alijua angeweza kuishia pale, awe kama mtu aliyepewa hukumu akaipokea. Lakini alikuwa mwanawe wa kwanza, na kuna ombi moja ambalo mtoto wa kwanza wa Balmetta haliombi kamwe, kwa kuwa huzaliwa nalo mkononi.

"Hili jipya halijaonwa na mgeni hata mmoja," akasema. "Niruhusu nilifungue mimi. Mara hiyo moja tu."

Gaudenzio alimtazama. Aliinua mkono wake, akauweka juu ya mkono wa kuume wa Nives, akaugeuza kiganja juu, akaukagua kama alivyokuwa akikagua kipande cha ubao kabla ya kukitia msumeno. Nives akangoja.

"Nimeshamwambia Defendente," akasema.

Akageuza uso ukutani, akalala.

Jumamosi anga likawa jeupe na safi, na baridi ikakaza. Mchana wake mzee hakufumbua macho. Pumzi zikaanza kuachana. Ilikuja moja, ikapita nafasi, nafasi ikawa ndefu, ndipo ikaja nyingine. Mwanamke wa zamu aliondoka saa kumi kwenda kulisha ng'ombe wake. Saa kumi na moja Defendente alisimama mlangoni mwa zizi na ndoo, hajui aende au asiende. Ng'ombe walikuwa wamejaa, wanalalama.

Nives akamwambia aende. Kati ya zizi na kitanda ni mbao tu.

Akabaki peke yake na baba yake. Kwa upande mwingine wa mbao alisikia maziwa yakipiga ndoo, kwanza makali kwenye bati tupu, kisha laini kadiri ndoo ilivyojaa. Gaudenzio alikuwa amelala na kichwa chake karibu na sauti ile. Labda ndiyo sababu alichagua jikoni. Hata hilo Nives hakuwa amewahi kumwuliza.

Pumzi ikapanda. Ikakaa juu. Ikatua nusu.

Nives alisimama. Alijua, kama ambavyo mtu anajua ngazi ya mwisho gizani. Na mkono wake wa kuume ukaenda. Ulienda wenyewe, kwa mazoea ya Alhamisi mia tatu, ukafika kwenye ubao mpya, vidole vikaingia mahali pa kushikia palipochongwa kwa ajili ya vidole vinene kuliko vyake. Ilibaki kuvuta tu. Angevuta, nani angejua? Defendente alikuwa na paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Angekuja angekuta limefunguliwa, na mtoto wa kwanza amesimama mahali pake, na desturi imeshika njia yake, na wanawake wa rozari wangeambiwa hivyohivyo. Hata baba asingejua. Au angejua.

Akautoa mkono. Ulikuwa mzito kuutoa kuliko jambo lolote alilowahi kufanya kwa mkono huo. Akakunja ngumi, akapiga mbao za zizi mara tatu.

Maziwa yakakatika. Defendente aliingia na mikono imelowa, hakuwa amefuta, hakuuliza. Alipita mbele ya dada yake, akavuta ubao. Uliteleza bila sauti yoyote, kama Gaudenzio alivyotaka. Hewa ya theluji ikaingia, na pamoja nayo mwanga wa jioni kipande kidogo, ukaangukia ndevu za mzee. Pumzi ile iliyokuwa imetua nusu ikamalizia kutua.

Wote wawili wakasimama. Balmetta hawahesabu kwa saa; wanahesabu kwa sala moja fupi ya kimoyomoyo. Nives aliisali, akaimaliza. Akangoja mkono wa mdogo wake urudi kwenye ubao. Haukurudi. Baridi ilikuwa inaingia. Akaanza kuisali mara ya pili, hofu ikimpanda.

"Defendente. Funga. Atageuka."

Defendente alikuwa ameshika kingo za suruali yake kwa vidole vyenye maziwa. Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kubadilika.

"Mimi aliniambia kufungua," akasema. "Kufunga hakusema."

"Labda alisahau."

"Labda. Unamjua Baba. Ubao alipima mara tatu." Akarudi nyuma hatua moja, akamwachia nafasi. "Fanya haraka, dada."

Nives alienda pale. Tundu lilimwonyesha kipande cha mteremko, jiwe lenye theluji, na nyuma yake weupe mtupu; mlima mzima ulikuwa umejaa katika nafasi ya mkate. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaonyesha watu jinsi ya kufungua, na walipokuwa wakishuka ngazi aliurudisha ubao kwa kiwiko huku akiwahesabu vichwa. Hakuwa amewahi kumfungia mtu. Sasa alielewa kwa nini kazi hii hutakiwa kufanywa haraka. Kila kilichokuwa ndani yake kilitaka liachwe wazi, hata ufa tu, hata usiku mmoja, ili kama mzee ana neno alilolibakiza apate pa kulirudishia.

Akausukuma ubao mpaka mwisho.

Ng'ombe aliyeachwa nusu akaanza kulia kule zizini. Defendente alifuta uso kwa mkono wa shati, akasema yule mwekundu ataumwa chuchu asipomaliziwa, akatoka na ndoo. Nives akatia maji ya moto kwenye beseni, akatafuta kitambaa safi. Akaketi kitandani, akauchukua mkono wa baba yake, akaanza kuuosha kidole kimoja kimoja. Chini ya kucha palikuwa bado na vumbi jekundu la msonobari, na halikutoka upesi.